Kichaka Nilichokiwekea Alama

Kazi ya kuhesabu kromosomu za mbuni, mti wa kahawa, inataka mtu anayeweza kukaa kitako. Mimi sikuwa mtu huyo. Mama alikuwa akisema kwamba siku niliyojifunza kusimama ndiyo siku hiyo hiyo niliyotoroka nyumbani. Darasani nilifundisha nikitembea, na kanisani nilikaa karibu na mlango. Hata hivyo, kazi hiyo ya kuinama na kukodoa jicho juu ya kioo ndiyo niliyoitaka kuliko kitu kingine chochote duniani, na mtu aliyekaribia kunikosesha alikuwa mjomba wangu, tena kwa wema tu.

Nilikuwa mwalimu katika shule ya misheni upande wa Masasi, njia ya kwenda Chidya. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kule Uganda na cheti cha elimu ya mimea, na cheti hicho kilikuwa kimekunjwa sandukuni chini ya mashati kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja nacho. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Waingereza, ingawa sisi hatukujua kwamba ni ya mwisho. Walimu wenzangu walizungumza siasa jioni kwa sauti ya chini. Mimi nilisikiliza huku nikiangalia barabara. Kila lori lililopita kwenda Lindi lilinitia wivu, hata lile la magunia ya korosho.

Ndipo akaja mtaalamu wa kahawa. Alikuwa Mwingereza mrefu, mwenye kaptula na magoti yaliyoungua jua, kutoka kituo cha utafiti cha Kaskazini ambako kahawa inalimwa. Alitafuta mtu anayejua vichaka vya Newala. Mkuu wa shule akanionyesha kidole mimi, mzaliwa wa huko. Watu wengine walishangaa mtu wa kahawa anatafuta nini kwetu, maana kwetu ni mikorosho, mihogo, mtama na karanga. Kahawa tuliinunua dukani kama chumvi. Lakini alipoeleza mti anaoutaka, wenye majani madogo yanayopukutika kiangazi, maua meupe yanayonukia mvua ikianza, na matunda yanayoiva yakawa meusi, nikacheka. Matunda yale tulikuwa tukiyafyonza tulipokuwa watoto na kutemeana mbegu zake. Sikuwahi kufikiri kwamba ile nayo ni kahawa.

Nikampandisha Newala mpaka kichaka cha mjomba wangu, na pale akapiga magoti mbele ya mti mdogo usiofika kimo changu, akashika jani lake kwa vidole viwili.

Alinieleza siku hiyo hiyo, tumekaa juu ya boneti la landrova. Mbuni unaolimwa milimani una kromosomu arobaini na nne katika kila seli, vijiti vidogo vinavyobeba urithi wote wa mti. Jamaa zake wa porini waliokwisha kuhesabiwa wana ishirini na mbili. Wataalamu walidhani kwamba zamani za kale, pande za Uhabeshi, mibuni ya jamii mbili ilizaana, na mtoto akabeba urithi wa wazazi wote wawili mzima mzima. Je, huu wa kwetu uko upande gani? Je, uliachana na wenzake kabla ya hapo, au nao ulipitia mambo yake wenyewe? Alitaka kujua idadi, na alitaka kujua wingi pia. Kiini cha seli kikitiwa dawa fulani kinakuwa chekundu cha zambarau, na kadiri kilivyo na urithi mwingi ndivyo kinavyokolea. Kipimo hicho kingefanywa Kaskazini, kwa mashine. Kuhesabu, alisema, kunafanywa na mtu yeyote mwenye jicho, kidole gumba na subira.

Nilikuwa na jicho na kidole gumba.

Alinifundisha katika stoo ya shule, mwisho wa muhula. Unakata ncha ya mzizi asubuhi, wakati seli zinagawanyika. Unaiua kwa spiriti na asidi, unailainisha, unaitia rangi, unaiweka juu ya kioo, unafunika kwa kioo kingine chembamba, halafu unabonyeza kwa kidole gumba. Ukibonyeza kidogo kromosomu zinabaki rundo. Ukizidisha zinatawanyika, za seli hii zinaingia kwa jirani, na hapo hesabu imekwisha haribika. Mimi nilizidisha. Siku moja nilipata ishirini, siku nyingine ishirini na tatu. Nilivunja vioo mpaka nikaona haya kuomba vingine.

"Mizizi ya kahawa ni korofi," alisema, akinionea huruma. "Jaribu machipukizi ya maua."

Ndani ya chipukizi la ua, alieleza, wakati chavua inaanza kujitengeneza, kromosomu hujipanga jozi jozi, kila moja na mwenzake, na mtu anaweza kuzihesabu bila kugombana nazo. Lakini wakati huo ni mfupi mno. Machipukizi hulala kiangazi chote, mvua ya kwanza inayaamsha, na baada ya siku chache maua yamefunguka na nafasi imepita. Yeye asingeweza kukaa Newala kungoja wingu. Akaniachia hadubini katika sanduku lake la mbao, akaniambia nikimletea vioo safi vya machipukizi, kuna nafasi ya msaidizi wa utafiti kituoni, nayo itakuwa yangu. Akasisitiza kwamba si nafasi ya kuosha chupa. Nikikosa mvua hiyo, nafasi itapewa mwingine, kwa kuwa kituo hakiwezi kungoja mwaka mzima.

Tangu siku hiyo usingizi wangu ukawa wa vipande vipande. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba mlango wa namna hiyo haugongwi mara mbili.

Kabla sijaenda mbele lazima nieleze habari za mjomba. Kwetu mtu ni wa ukoo wa mama yake. Baba anakulisha na kukupenda, lakini mwenye wewe ni mjomba, na ardhi ya mjomba huja kwa mpwa wake. Mjomba wangu alikuwa mtu mkali, mbishi, Mwislamu wa sala tano, mwenye mashamba mazuri na hasira ya karibu. Alikuwa na wapwa wawili. Kaka yangu alikwenda Tanga kukata mkonge kwa mkataba na hakurudi, wala hakutuma hata salamu. Nikabaki mimi, na mimi nilikuwa wa misheni, wa vitabu, wa kuja likizo na kuondoka kabla vumbi la miguu halijatulia. Mjomba hakulalamika. Kila nilipofika aliniuliza tu, "Umekuja au umepita?" Nami nilijibu, "Nimepita, mjomba."

Likizo ya katikati ya mwaka nilipanda Newala kukilinda kichaka changu. Uwanda wetu hulimwa kwa kufyeka vichaka vilivyopumzika, kuvichoma, kupanda miaka kadhaa, kisha kuviacha viote tena. Kichaka kile kilikuwa kimeshapumzika vya kutosha, na mtu yeyote angeweza kukitamani. Mjomba alikuwa ameteremka Lisekese kwenye msiba. Nikafanya kama watu wa kwetu wafanyavyo: nikachukua panga, nikachanja maganda ya miti pembe zote nne, nikafunga mafundo ya nyasi mahali njia inapoingia. Alama hizo kila mtu anazijua. Zinasema kichaka hiki kina mwenyewe. Nikamwambia mama amweleze mjomba kwamba ni mimi niliyeziweka, na kwamba mtu asikiguse. Mama alifurahi kupita kiasi, na mimi nikadhani anafurahi kwa sababu nimekula ugali wote.

Nikarudi shuleni. Miezi ile ilikuwa mirefu na ya joto. Niliwafokea wanafunzi bila sababu, nikaomba radhi, nikawafokea tena. Kila nilipomaliza vipindi nilikwenda kufungua sanduku la hadubini na kulifunga. Katikati ya kiangazi mtu wa Newala aliyekuja hospitali ya Ndanda alipita shuleni na salamu: mjomba anasema nije mapema mvua isije ikanikuta bondeni, kuna jambo la furaha. Nikajua wamenitafutia mke. Nikaanza kutunga maneno ya kukataa kwa adabu.

Muhula ulipofungwa nikapanda lori, hadubini mapajani, nimeizungushia blanketi. Dereva aliniuliza kama nimebeba mtoto. Kwenye kona za mlima nilikuwa nikiinua sanduku juu kila gari liliporuka. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Ruvuma, meupe bado, nami nilimshukuru Mungu kwamba nimewahi.

Mjomba alikuwa akinisubiri barazani kwa mama, amevaa kanzu ya Ijumaa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwipwa wangu. Weka mzigo. Hapana, njoo nao. Njoo uone kwanza."

Akanishika mkono kama mtoto na kunitangulia. Mama alifuata nyuma akicheka peke yake. Harufu ndiyo iliyoniambia kwanza. Kisha njia ikapinda, na mahali pa kichaka hapakuwa na kichaka. Palikuwa na weusi. Shamba zima, kutoka pembe hadi pembe nilizozichanja, lilikuwa majivu na visiki, limefagiliwa vizuri, magogo yamepangwa pembeni, hata mawe yameondolewa. Sijapata kuona shamba lililosafishwa kwa mapenzi namna ile.

"Niliona alama zako," mjomba alisema. "Watu wakaniuliza, ni nani huyu kakiwekea alama kichaka chako? Nikawaambia, ni mwipwa wangu. Amerudi." Kisha akaendelea haraka. "Nikasema asije akashika panga kwa mikono ile ya chaki. Nikaalika watu. Nikachinja mbuzi. Tumefyeka siku hiyo hata wazee walikuja. Hakuna mtu mwingine aliyegusa, ni ukoo wako tu, kama ulivyoagiza."

Alikuwa ananitazama usoni kwa hamu. Nilikuwa nimebeba sanduku kifuani. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwuliza kama wazimu umempanda. Lakini yule mzee mkali, ambaye sikuwahi kumwona akitokwa na chozi hata kwenye mazishi, macho yake yalikuwa mekundu, na haukuwa moshi.

"Ahsante, mjomba," nilisema.

Usiku ule nilimwambia mama kila kitu, nikizunguka chumbani mpaka akaniamuru nikae. Nilisema wameniua. Nilisema nafasi yangu imeteketea na majani. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa wewe," akasema, "ukichanja alama kwenye kichaka cha mjomba wako, ulitaka afikiri nini? Kwamba unakipenda kivuli chake?"

"Nilisema kisiguswe!"

"Na nani aliyekigusa? Aliyekigusa ni mwenyewe, kwa ajili yako. Ndivyo mjomba anavyofanya." Kisha akaanza kucheka, na nilikasirika sana kwa kicheko kile. "Mwanangu, umesoma hata umesahau panga ni la nini."

Siku zilizofuata nilitembea uwanda mzima. Niliingia kila kichaka nilichoruhusiwa kuingia, nikachanwa na miiba mpaka shati likawa matambara. Nilipata miche midogo isiyo na machipukizi. Nilipata mti mmoja mkubwa kidogo, lakini mbuzi walikuwa wameutafuna wote. Kila jioni mawingu yalikuwa meusi zaidi, na watu walifurahi, na mimi peke yangu katika Newala nzima niliomba mvua ichelewe. Wanawake walikuwa wakiteremka bondeni na madebe kutafuta maji kabla ya alfajiri, mama akiwa mmoja wao, na mimi naomba mvua ichelewe. Niliona aibu, lakini niliendelea kuomba.

Ikanyesha. Ilipiga mchana, ikanyesha mpaka magharibi, watoto wakakimbia uchi na wanawake wakatega kila chombo chini ya paa. Kesho yake asubuhi mjomba alikuwa mlangoni na majembe mawili na mbegu za mahindi katika kibuyu.

Nikaenda. Ningefanya nini? Yeye alichimba mbele, mimi nikatupia mbegu na kufukia kwa kisigino. Udongo ulikuwa mwekundu chini ya majivu, laini, wenye joto bado. Nilikuwa nikifikiri kwamba mahali fulani machipukizi yanaamka saa hii hii, kromosomu zinatafutana jozi jozi, na mimi nafukia mahindi. Nikatupia mbegu nyingi shimo moja. Nikaruka mashimo mawili. Mjomba akageuka.

"Una nini wewe? Unapanda kama mtu anayeachwa na gari."

Hapo nikasema. Nilisema vibaya, bila mpango, nikiwa nimesimama katikati ya mstari. Nikamwambia kwamba sikutaka shamba. Kwamba nilitaka kile kichaka kibaki kichaka, kwa sababu ya mti mmoja mdogo ambao ndani ya maua yake kuna vitu nilivyotakiwa kuvihesabu, na kwamba nikivihesabu ningepata kazi Kaskazini na kuondoka. Nikasema neno kuondoka mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mjomba alinyoosha mgongo. Aliniangalia, akaangalia shamba, kisha akarudi kwenye mstari wake na kuendelea kuchimba. Nikamfuata na mbegu kwa kuwa sikujua la kufanya. Alipofika mwisho akalisimika jembe chini.

"Mti gani?" akauliza.

Nikamweleza. Akanawa mikono kwenye kidimbwi, akapita kwa mama kuomba unga wa mtama katika kisahani, akanionyesha kwa kichwa nichukue chupa zangu. Sikuelewa tunakwenda wapi mpaka tulipofika. Ni mahali ambapo ukoo wetu huzika watu wake. Hapafyekwi, wala hapaingiwi bila maiti, na nilikuwa nimepapita pembeni maisha yangu yote nikiangalia upande mwingine. Katika kuzunguka kwangu kote sikuwa nimepafikiria kabisa. Pasipofyekwa miti huzeeka, na mibuni ile ilikuwa imezeeka, mirefu kunizidi, matawi yake yote yamejaa machipukizi ya kijani, magumu bado, hayajafunguka.

"Ngoja hapo," mjomba alisema.

Sala tano zake hazikumzuia. Alichuchumaa chini ya mti mmoja, akamwaga unga kidogo kidogo mpaka ukafanya kilima cheupe, akazungumza kwa Kimakonde, sauti ya kawaida, kama anayebisha hodi kwa jirani. Aliwaambia waliolala pale kwamba huyu ni mtoto wao. Kwamba anataka maua, wasimshangae, ana kazi nayo. Akaeleza kwamba hajawaletea msiba. Kisha akasema, bila kubadilisha sauti, kwamba mtoto huyu anakwenda mbali, wamwangalie huko aendako, kwa maana yeye mwenyewe hataweza.

Nilisimama na chupa zangu, na machozi yakanitoka mbele yake. Hakuniangalia. Alinyanyuka, akakung'uta unga mikononi, akaniambia nichukue ninachotaka lakini nisivunje tawi.

Nilifanya kazi siku mbili katika chumba cha mama, dirisha wazi, mikono imetulia kwa namna ambayo haikuwahi kutulia. Sijui ni kwa nini. Machipukizi mengine yalikuwa bado, mengine yamepita, mengi nikayaharibu. Kisha nikabonyeza kioo kimoja, nikainama, na zilikuwepo. Jozi kumi na moja, zimetengana vizuri, kila moja na nafasi yake. Nikahesabu tena. Nikamwita mama ahesabu, naye akasema anaona uchafu. Jozi kumi na moja, ishirini na mbili. Mbuni wetu ulikuwa wa wale wa kale, haukuwa umebeba mzigo wa watu wawili.

Nikakimbia shambani. Mjomba alikuwa peke yake, amebakiza kama robo ya shamba. Alikuwa amefukua mstari wangu ulioharibika na kuupanda upya.

"Nimepata, mjomba."

"Umepata?"

"Nimepata."

Akaegemea jembe. "Lori linaondoka lini?"

"Alhamisi."

"Basi kuna muda wa kumaliza," akasema, na kunipa kibuyu.

Nikapanda. Mbegu tatu kila shimo, nikafukia, nikakanyaga, nikasogea. Mimi niliyekuwa nikiomba kila siku ipite, nilikuwa nikisogea polepole kadiri miguu ilivyoruhusu, nikitafuta mawe ya kuondoa pale ambapo hakukuwa na mawe. Mjomba alitangulia mbali, akageuka.

"Fanya haraka," alisema. "Mvua haikungojei."

Kazi nikaipata, na niliifanya miaka mingi. Mahindi yale alivuna peke yake. Mwaka uliofuata shamba lile alimpa mtu asiye wa ukoo wetu, na hakuniambia mpaka nilipomwuliza.